Filamu ina jina la Loie Fuller, anayecheza si yeye

MWANAMKE anazunguka jukwaani. Mikono yake haionekani, imemezwa na gauni refu na pana kupita kawaida. Kila anapoinua mabega kitambaa kinapanda, kinafunguka kama ua, kinashuka, kinajikunja mfano wa nyoka, kisha kinapanda tena. Rangi ya gauni nayo inabadilika kila baada ya muda mfupi. Baada ya sekunde 50 hivi picha inakatika.

Ukanda huo ulitolewa na kampuni ya ndugu Lumière wa Lyon, Ufaransa, miaka ya mwisho ya karne ya 19. Leo unatazamwa na watu wengi kwenye simu, na umepita katika vipindi vya televisheni na madarasa ya historia ya dansi. Chini yake mara nyingi pameandikwa jina moja: Loie Fuller, Mmarekani anayehesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa dansi ya kisasa. Mwaka unaoandikwa hubadilika kulingana na aliyeuweka, mara 1896, mara 1897, mara 1899. Jina halibadiliki.

Anayecheza humo si Loie Fuller. Ni mwanamke mwingine, na jina lake halijulikani.

Mtu anaweza kuuliza kosa la maandishi chini ya filamu ya dakika moja linamdhuru nani, hasa ikiwa wahusika wote wameshafariki. Lakini kisa hiki kilianza kama ugomvi wa biashara, juu ya nani ana haki ya kuuza kitu alichokibuni na nini kinampata anapoigwa. Aliyeyabuni mageuzi hayo ya jukwaani alikwenda mahakamani kuyadai, akashindwa. Waigaji wakafanya biashara. Sasa, zaidi ya miaka 120 baadaye, kazi za waigaji zimebandikwa jina la yule waliyemwiga, na majina yao wenyewe yametupwa.

Sketi iliyozidi urefu

Fuller alizaliwa Januari 1862 huko Fullersburg, kijiji cha jimbo la Illinois kilicho karibu na Chicago. Hakusomea dansi. Alikulia majukwaani akiigiza na kuimba katika maonyesho ya kila aina, yenye heshima na yasiyo na heshima, na alipofika umri wa miaka 29 bado hakuwa na jina kubwa.

Mwaka 1891 alikuwa katika tamthilia moja ya kuchekesha, "Quack, M.D.", akiigiza mwanamke aliyetiwa usingizi na daktari wa kiini macho. Kwa maelezo yake mwenyewe katika kitabu cha maisha yake kilichotoka Paris mwaka 1908, alivaa sketi ya hariri iliyokuwa ndefu kuliko kimo chake, ikabidi aiinue kwa mikono miwili asije akajikwaa. Alipokuwa akikimbia huku na huku jukwaani, watazamaji wakaanza kupaza sauti: wengine waliona kipepeo, wengine ua. Aliporudi nyumbani alisimama mbele ya kioo, akaanza kupima ni mkunjo gani unatokana na mkono upi.

Hadithi hiyo ichukuliwe kwa tahadhari kidogo, kwa sababu Fuller alikuwa hodari wa kujitangaza. Lakini kilichofuata hakina shaka. Aliongeza kitambaa, kisha akashonea fimbo ndefu ndani ya mikono ya gauni ili kitambaa kifike mbali kuliko mkono wa binadamu unavyoweza kufika. Halafu akafanya jambo ambalo ndilo lililomtofautisha na wote waliokuja nyuma yake: alizima taa za ukumbi.

Katika siku zile watu walizoea ukumbi wenye mwanga. Yeye aliufanya giza, akaliacha jukwaa jeusi, kisha akaielekezea hariri nyeupe miale ya umeme iliyopita kwenye vioo vya rangi. Mafundi wa taa walipangwa pande mbalimbali, na baadaye wengine chini ya sakafu ya kioo. Rangi zilibadilika kwa ishara zake. Mwili wenyewe, wa mwanamke mfupi na mnene, ulitoweka; kilichobaki hewani kilikuwa mwanga unaotembea. Ndiyo maana Henri de Toulouse-Lautrec, alipomchora mwaka 1893, hakumchora uso. Alichapa nakala 60 hivi za mchoro mmoja na kuzitia rangi kwa namna tofauti, nyingine akizinyunyizia unga wa madini unaong'aa.

Jambo hilo la giza na umeme lina uzito mkubwa katika suala la filamu, kama itakavyoonekana mbele.

Jaji wa New York

Mapema mwaka 1892 Fuller alikuwa gumzo la New York. Dansi ilishapata jina, dansi ya nyoka. Akakosana na mwenye ukumbi juu ya malipo, akaondoka. Dansi haikuondoka naye, kwani wachezaji wengine walishaitazama vya kutosha. Mmoja wao, Minnie Renwood Bemis, alikuwa akiicheza mjini humo humo.

Fuller alikuwa ameandika maelezo ya dansi yake hatua kwa hatua na kuyawasilisha ili yalindwe na hakimiliki. Akaiomba mahakama ya shirikisho imzuie Bemis. Uamuzi ulitolewa Juni 18, 1892, na jaji Lacombe alimkatalia. Sheria ya wakati huo ililinda utunzi wa maigizo, na kwa jaji, utunzi wa maigizo lazima usimulie kisa, uwe na mhusika au uonyeshe hisia. Dansi hii ilionyesha mikunjo ya kitambaa, mwanga na mwili wa kupendeza. Aliona hiyo ni miondoko tu, na miondoko haina mwenyewe.

Uamuzi huo ulidumu kuliko maisha ya mlalamikaji. Marekani ilikuja kuzitaja dansi waziwazi katika sheria yake ya hakimiliki mwaka 1976, sheria iliyoanza kutumika 1978. Fuller alikuwa amefariki Paris Januari 1, 1928, nusu karne kabla.

Akiwa ameshindwa, alivuka bahari. Alifika Paris mwaka uleule na kwenda kwenye ukumbi wa Folies-Bergère, na hapo, kama wasimulizi wa maisha yake wanavyoeleza, akakuta bango la mchezaji mwingine wa dansi ya nyoka, Maybelle Stewart, Mmarekani aliyekuwa ameichukua dansi hiyo kutoka New York na kumtangulia. Fuller alimwonyesha meneja kazi yake, akakubaliwa mara moja. Lakini matangazo yalishatoka. Inasimuliwa kwamba usiku wa kwanza wa maonyesho yake alipanda jukwaani kwa jina la Stewart, yaani mbunifu alicheza akijifanya mwigaji wake. Novemba 5, 1892 alitangazwa kwa jina lake halisi, na kuanzia usiku huo Paris ilikuwa yake.

Hakusahau somo la New York. Ikiwa sheria haikulinda miondoko, ililinda vifaa. Aprili 17, 1894 alipewa hataza ya Marekani nambari 518,347 kwa vazi la mcheza dansi. Michoro yake inaonyesha gauni na fimbo zake zilizopinda nchani, na jinsi zinavyowekwa. Alipata pia hataza za mitambo ya jukwaani. Ni nyaraka kavu, za kiufundi, zenye mistari na herufi, na hadi leo ndizo ushahidi thabiti kuliko wowote wa nini hasa kilikuwa chake.

Mashine ya Edison

Siku tatu kabla ya hataza hiyo kutolewa, Aprili 14, 1894, duka la aina mpya lilifunguliwa Broadway, New York. Ndani yake kulikuwa na masanduku 10 ya mbao. Mteja alilipa senti 25, akainama kwenye tundu la sanduku moja baada ya jingine, hadi matano, na kuona picha zinazotembea. Zilikuwa mashine za Thomas Edison.

Mashine zilihitaji picha, na picha zilihitaji kitu kinachotembea vizuri kwa sekunde 20 hivi bila maneno, kwa kuwa hapakuwa na sauti. Dansi ya nyoka ilikuwa kama imetengenezwa kwa ajili hiyo: kitambaa cheupe, mwendo usiokatika, na jina ambalo kila mtu mjini alishalisikia. Na kwa mujibu wa jaji Lacombe, haikuwa na mwenyewe.

Kwa hiyo mwaka uleule wa 1894 William Dickson na William Heise, mafundi wa Edison, walimsimamisha mbele ya kamera Annabelle Whitford, aliyejulikana pia kama Annabelle Moore, msichana wa Chicago aliyezaliwa 1878. Alikuwa na miaka 16. Filamu zake ziliuzwa sana kiasi kwamba alirudishwa kupigwa upya zaidi ya mara moja, maana kila nakala ilipotolewa ukanda mama ulizidi kuchakaa. Ndiyo maana leo kuna matoleo kadhaa ya dansi ya Annabelle yanayofanana bila kuwa sawa, jambo linaloongeza mkanganyiko. Nakala nyingine zilipakwa rangi kwa mkono, picha moja baada ya nyingine, kwa brashi ndogo. Ziliuzwa kwa bei ya juu kuliko zisizo na rangi.

Wengine hawakukawia. Novemba 1895 ndugu Skladanowsky walionyesha filamu zao Berlin, na mojawapo ilikuwa dansi ya nyoka iliyochezwa na Mademoiselle Ancion. Mwaka 1897 Alice Guy wa kampuni ya Gaumont alimpiga picha Bob Walter, ambaye licha ya jina hilo alikuwa mwanamke. Mwaka huohuo Edison alimtoa Crissie Sheridan. Ndugu Lumière nao wakatoa wao, wakaipa nafasi katika orodha yao ya mauzo kwa nambari 765, "Danse serpentine", bila jina la mchezaji. Mfaransa mmoja alifikia hatua ya kumpiga picha mchezaji wa dansi hiyo ndani ya tundu la simba.

Ajabu ya sheria ni kwamba filamu yenyewe iliweza kulindwa. Kabla ya 1912 sheria ya Marekani haikuwa na fungu la filamu, kwa hiyo watengenezaji walizisajili kama picha, wengi wakiwasilisha nakala zilizochapwa kwenye karatasi ambazo sasa ziko katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Mtu angeweza kuwa na hakimiliki ya picha za dansi ambayo aliyeibuni alinyimwa.

Kusoma pindo

Mfanyabiashara wa vitenge hapimi doti kwa kutazama maua yake. Anaigeuza pembeni, anasoma maandishi yaliyochapwa kwenye pindo, anayasugua kwa kidole gumba, anatazama kama rangi imepenya upande wa pili. Ukanda wa zamani wa filamu nao una pindo, na wachunguzi huanzia hapo kabla ya kutazama dansi.

Kinachosomwa kwanza ni matundu. Ukanda wa Edison una matundu manne kila upande wa picha moja, mpangilio ambao sinema ya dunia nzima iliendelea kuutumia. Ndugu Lumière walitumia tundu moja la mviringo kila upande. Tofauti hiyo peke yake inatosha kuonyesha ukanda umetoka New Jersey au Lyon, hata kama kasha lake linasema vingine. Kisha hufuata urefu: ukanda wa Lumière ni wa mita 17 hivi, ndiyo maana filamu zao karibu zote zinaishia kwenye sekunde 50. Halafu orodha za mauzo. Ya Lumière ina zaidi ya filamu 1,400, kila moja na nambari yake. Kinacholingana na orodha kina kwao. Kisicholingana kinahitaji maelezo.

Baada ya ukanda ndipo unakuja mwili. Fuller alikuwa na umri wa miaka 32 wakati Annabelle wa miaka 16 anasimama mbele ya kamera ya Edison, na zipo picha za mnato za Fuller zisizo na utata, zikiwemo zile za Samuel Joshua Beckett za mwaka 1900 hivi zilizohifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York. Humo anacheza nje, mchana, na umbo lake linaonekana wazi. Mtu akiziweka karibu na filamu ya Annabelle hahitaji kuwa mtaalamu. Fimbo nazo husaidia. Katika hataza, fimbo ni ndefu na zimepinda, na kitambaa kinapanda juu sana ya kichwa. Wachezaji wengi wa filamu za awali wana vitambaa vifupi na mikono inayoonekana ikifanya kazi.

Lakini hoja kubwa kuliko zote ni ya mwanga. Filamu za miaka ile zilihitaji mwanga mwingi mno. Studio ya Edison huko West Orange, New Jersey, kibanda kilichofunikwa kwa karatasi ya lami na kuitwa Black Maria, ilijengwa ikiwa na paa linalofunguka, na nzima ilizungushwa juu ya reli ili ilifuate jua. Dansi ya Fuller ilichezwa gizani chini ya miale ya rangi. Kamera ya mwaka 1894 au 1897 isingeweza kuinasa. Kwa maneno mengine, hata kama yeye mwenyewe angepelekwa West Orange, kilichotoka kingekuwa mwanamke aliyevaa gauni pana kwenye jua. Kazi yake isingekuwamo.

Rangi tunazoziona kwenye ukanda wa Lumière au wa Annabelle, kwa hiyo, hazikutoka jukwaani. Zilipakwa mezani, na watu ambao huenda hawakuwahi kumwona Fuller akicheza. Zinaiga taa zake kama mchoro wa mtoto unavyoiga moto.

Popo wa Pathé

Ipo filamu moja ambayo imezua ubishi zaidi, na haki idai kwamba isitupwe pamoja na nyingine. Ilitolewa na kampuni ya Pathé ya Ufaransa na kwa kawaida huwekewa mwaka 1905. Popo anaruka na kutua kwenye baraza. Anageuka mwanamke. Mwanamke anacheza dansi ya nyoka kwa mavazi mapana, rangi zikibadilika, kisha anatoweka. Jina la filamu ni la Loie Fuller mwenyewe, na baadhi ya maonyesho yameiweka kama filamu pekee inayomwonyesha.

Wanaokubali wanasema jina limo kwenye filamu, na kampuni kubwa isingelitumia hivihivi wakati mwenye jina yuko hai, anaishi Paris na anajua njia ya mahakamani. Wanaokataa wanasema kwamba kufikia 1905 jina hilo lilishakuwa la aina ya dansi kuliko la mtu. Mtu alisema anakwenda kumwona "Loie Fuller" kama leo mnunuzi anavyotaja chapa moja ya sabuni akimaanisha sabuni yoyote ya unga. Wanaongeza kwamba mchezaji haonekani kuwa mwanamke wa miaka 43 mwenye umbo linalojulikana kutokana na picha za mnato.

Upande wa pili una nguvu zaidi. Jina kwenye bidhaa linathibitisha kwamba aliyeiuza alitaka mnunuzi aliamini jina hilo, basi. Paris ya wakati ule ilijaa taa za mezani za shaba zenye umbo la Fuller, sanamu na mabango yake, na katika Maonyesho ya Dunia ya 1900 alijengewa ukumbi wake mwenyewe. Jina lilikuwa mali inayotembea sokoni. Ndiyo maana wengi wanaoichunguza historia yake wanasema hadi sasa hakuna filamu inayomwonyesha akicheza iliyothibitishwa bila ubishi.

Si kwamba aliichukia sinema. Mwaka 1920 alitengeneza filamu yake, "Le Lys de la vie", kutokana na hadithi iliyoandikwa na rafiki yake Malkia Marie wa Romania, akishirikiana na mwenzi wake wa kazi na maisha, Gab Sorère. Humo alijaribu mambo ambayo wengi hawakuyajaribu wakati huo: mwendo uliopunguzwa kasi, na picha zilizogeuzwa ili cheusi kiwe cheupe. Sehemu yake imesalia. Yeye alikuwa nyuma ya kamera.

Sekunde chache za Isadora

Fuller hayuko peke yake katika hali hii. Isadora Duncan, aliyezaliwa San Francisco mwaka 1877 na ambaye Fuller alimsaidia kujulikana Ulaya mwaka 1902, hakutaka kupigwa filamu. Kinachozunguka kwa jina lake ni sekunde chache za mwanamke akicheza bustanini mbele ya wageni, kisha anainama kushukuru. Wapo wanaoamini ni yeye, wapo wasioamini, na sekunde zenyewe ni chache mno kumaliza shauri.

Kwa Vaslav Nijinsky, mcheza baleti wa Urusi aliyeutikisa ukumbi wa Paris mwaka 1913, hali ni ngumu zaidi kwa sababu kinachoonekana kinashawishi. Video zinazomwonyesha akicheza zimesambaa sana. Hazikupigwa na kamera. Msanii Mfaransa, Christian Comte, alichukua picha zake za mnato na kuzifanya zitembee kwa kompyuta, na hakuficha alichofanya. Waliozichukua na kuzisambaza ndio walioacha maelezo njiani.

Hapo ndipo tatizo la leo lilipo. Kanda za zamani zinapitishwa kwenye programu zinazozisafisha, zinazoongeza picha za katikati ili mwendo uwe laini, zinazoweka rangi upya na kubandika muziki. Mtazamaji anafurahi, na hilo si kosa. Lakini programu hizo zinakata kingo ambako matundu yapo, zinafuta mikwaruzo inayoeleza ukanda umepita mikono mingapi, zinabadilisha kasi ambayo ingemwambia mchunguzi ni kamera ipi. Ni sawa na kukata pindo la kitenge ili kilale vizuri mezani. Baada ya hapo kinachobaki cha kusoma ni kile alichoandika aliyekiweka.

Na anayekiweka ana sababu ya kuandika jina kubwa. Filamu za miaka ya 1890 zimeshatoka katika ulinzi wa hakimiliki, kwa hiyo yeyote anaweza kuzinakili na kuziuza. Zote ni bure, zote zinafanana. Kinachovuta mteja ni jina.

Aliyepotea zaidi

Hasara ya Fuller ni rahisi kuiona. Anayetazama ukanda nambari 765 akiamini ni yeye ataondoka akidhani kazi yake ilikuwa kupunga kitambaa. Ataona kile hasa jaji Lacombe alichokiona mwaka 1892, miondoko, na hataona giza wala umeme wala mafundi waliopangwa kuzunguka jukwaa.

Hasara ya pili haisemwi sana. Annabelle Whitford alikuwa mmoja wa watu wa kwanza duniani kujulikana kwa sababu ya filamu. Alifanya kazi ile akiwa na miaka 16, akarudi kuirudia kila ukanda ulipochakaa, na baadaye alionekana Broadway katika maonyesho ya Ziegfeld ya mwaka 1907. Alifariki Chicago mwaka 1961. Filamu yake imo katika kumbukumbu kwa jina lake, inatajwa wazi, lakini bado huwekwa mara kwa mara chini ya jina la Fuller na watu ambao hawakugeuza kasha kusoma upande wa pili. Crissie Sheridan, Bob Walter na Ancion wamepatwa na hayohayo, ila wao angalau wana majina ya kurejeshewa.

Baadhi ya maktaba na majumba ya kumbukumbu yamesahihisha maelezo yao, yakiandika kwamba mchezaji wa Lumière hajulikani na kwamba dansi ni kwa mtindo wa Fuller. Ni marekebisho ya maneno machache. Hayasambai kwa kasi ya video, na kila nakala mpya iliyong'arishwa inapotoka, jina la zamani linarudi nalo.

Mwanamke wa ukanda nambari 765 alilipwa au hakulipwa, alikuwa Mfaransa au mgeni, alijifunza dansi kwa Fuller au kwa aliyejifunza kwa aliyemwona Fuller. Orodha ya Lumière haikuandika. Ilichoandika ni jina la dansi na nambari ya kuagizia.